Msimamizi wa Muda wa Bomba la Mitwero

Jumatatu, 1 Septemba

Leo wameleta bomba lenye akili. Limesimikwa mbele ya ofisi ya mtaa, hapa Mitwero, pale pale pampu ya mkono ilipofia. Sanduku la chuma, paneli ya jua juu, koki moja, kioo, jicho la kamera, na sauti ya mwanamume aliyelala vizuri. Linauza maji lenyewe. Linapokea malipo ya simu lenyewe na kuyatunza katika pochi yake isiyoshikika kwa mkono. Chujio likichakaa, linaagiza jingine, linalilipia, linamwita fundi. Halimwombi mtu ruhusa. Mke wangu, Mungu amrehemu, angelipenda.

Mhandisi wake ni Samia, binti wa Dar es Salaam, mwenye heshima. Kanipa shikamoo kabla ya wote. Alitueleza kwamba bomba lina kitambulisho. Jina lake, mahali lilipo na mwenendo wake wote vimo katika blokcheni, yaani kumbukumbu moja ambayo nakala zake zinakaa kwenye kompyuta nyingi za watu wasiojuana, hivyo hakuna mmoja anayeweza kuighushi. Mashine nyingine huisoma na kuiamini. Kilichoandikwa humo hakifutiki.

Watu walipiga makofi kwa ajili ya maji. Mimi nilipiga kwa ajili ya neno la mwisho. Hakifutiki!

Maana mimi ni nani hapa? Wazazi wangu waliteremka kutoka uwanda wa Wamakonde, wakanizaa hapa hapa Mitwero, kisha wakanibeba mgongoni hadi Tanga kukata mkonge. Huko nikakua, nikaoa, nikawa msahihishaji katika kiwanda cha kuchapa vitabu mpaka nilipostaafu. Tanga niliitwa Mmakonde. Nimerudi kukaa kwa mpwa wangu Consolata, na hapa naitwa Mtanga. Msibani wenyeji hukaa mkekani. Mimi naletewa kiti cha plastiki na soda baridi.

Sasa sikiliza, shajara. Bomba linahitaji msimamizi wa kibinadamu. Jina lake litaandikwa kando ya jina la bomba, na maneno haya: mwenyeji wa Mitwero. Erasmo, mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu ambaye hajawahi kuvuka Mingoyo, alikohoa ili asimame. Nilikuwa nimeshasimama.

Samia akasema sawa, babu, lakini msimamizi wa muda. Kufikia Ijumaa ya wiki ijayo nithibitishwe na mashahidi wawili wanaonijua, kila mmoja aweke kidole kwenye kioo. Ndugu aruhusiwe mmoja tu. Nikishindwa, kazi ni ya Erasmo. Consolata aliweka kidole papo hapo. Amebaki mmoja. Mmoja tu!

Msimamizi pia ndiye anayechagua jina la bomba. Erasmo alikuwa bado anawaeleza watu uzuri wa jina Umoja. Mimi nilikuwa nimeshaandika: Nandonde. Jina la ukoo wetu.

Jumanne, 2 Septemba

Alfajiri nimeamshwa na jina langu. "Karibu. Mimi ni Nandonde wa Mitwero. Weka ndoo." Kila ndoo, jina. Nimelala chali nikasikiliza mpaka foleni ikaisha. Macho yaliniwasha. Vumbi la mikorosho, bila shaka.

Nimeanza kampeni ya kidole cha pili. Kwanza kwa mzee Amiri, fundi viatu, jirani wa ukuta kwa ukuta. Nilimpelekea kahawa na kashata. Nikamweleza kwa ufasaha. Alisikiliza huku akigonga kisigino cha kiatu. Akasema mimi ni mtu wa heshima mno. Tangu nije hajasikia nikigombana na mtu, wala mtu akinifokea, wala mtoto akinicheka. Nikamwambia basi twende akaweke kidole. Akasema, "Hapo ndipo penye tatizo, mzee wangu." Sikumwelewa. Kahawa aliimaliza yote.

Nikarudi kwa njia ya sokoni. Erasmo akavua kofia. "Habari za Tanga, mzee mwenzangu?" Nimeondoka Tanga miaka miwili iliyopita! Nikamjibu njema. Nitamweza.

Alhamisi, 4 Septemba

Balaa. Jina lake Bertha Likwata, muuza ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, kando ya barabara, mama wa rika langu mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo. Alikuwa safarini, amerudi jana. Leo akaja na ndoo. Bomba likajitaja. Akashika kiuno. Akawauliza watu limesemaje. Wakamwambia linasema ni Nandonde. Akauliza tena, kwa raha ya kusikia tena. Kisha akapiga kigelegele.

Kwa ajili ya usahihi nieleze. Akina Nandonde na akina Likwata ni watani. Mtani huchukua kitu chako mchana kweupe, hukutukana mbele ya watoto, ukifa hulitania hata jeneza lako. Hukasiriki. Unakikomboa kitu chako kwa zawadi, kwa kawaida jogoo, mnacheka, yamekwisha. Nimesoma makala kadhaa juu ya jambo hili na mojawapo niliisahihisha mimi. Maoni yangu ni kwamba ilikuwa desturi nzuri kabla ya vituo vya polisi.

Bertha alianza kwa matusi. Akasema Nandonde gani huyu, tumbo la chuma, kichwa cha kioo, anakojoa mbele za watu halafu anadai malipo! Foleni nzima ikaangua kicheko. Akavua kilemba chake akafunika kamera, akisema maiti haruhusiwi kuwatazama waombolezaji. Kisha akabeba stuli ya bomba ya kuwekea ndoo na turubai la kufunikia betri, akaenda zake akiimba.

Simu yangu ikatetemeka. Taarifa kutoka kwa bomba: Wizi. Mhusika Bertha Likwata. Msimamizi, kubali au kataa.

Nilitafakari kwa haki. Kuchukua ni kuchukua. Nikakubali. Bomba likauliza tena kama lizuie mhusika peke yake au jina lote la Likwata, kwa tahadhari. Hapo nikakumbuka, na ninaandika hili kwa kuwa shajara ni yangu, kwamba mke wa Erasmo kwao ni akina Likwata.

Jina lote!

Jumamosi, 6 Septemba

Sikujua kwamba mashine zinaongea. Samia alisema zinasoma kumbukumbu moja, lakini nilidhani zinasoma kama watu wasomavyo, yaani kidogo kidogo na kwa kusinzia.

Mashine ya kusaga ya Mingoyo imemkataa dada yake Bertha na muhogo wake mkavu. Sanduku la barafu la wavuvi kule Kiswere limejifunga mbele ya binamu yake, pweza mkononi. Xaveri Likwata, katekista, alikwenda kuchaji simu kwenye kibanda cha umeme wa jua akaambiwa na ukuta kuwa yumo katika orodha ya wezi. Katekista! Alikuwa na waumini wawili nyuma yake.

Mke wa Erasmo amechota maji kwenye kisima cha zamani, chenye chumvi. Hilo lilikwenda kama lilivyopangwa.

Erasmo akaja mwenyewe. Hakukasirika. Ndiyo mbinu yake. Akasema, "Mzee mwenzangu, wewe umesoma. Tuambie sisi tusiosoma, hiyo mashine inataka nini kwetu?" Nikamwambia inataka uaminifu. Akatikisa kichwa muda mrefu. Akasema ni neno zuri. Halafu akasema Ijumaa si mbali.

Consolata alipika bila kunisemesha. Kisha akanisemesha, ikawa mbaya zaidi. Akasema, "Mjomba, hao ni watani zetu. Mama alipofariki wao ndio walioshika majembe. Walimtania mpaka kaburini, na sisi tukapata nguvu ya kula." Akaniuliza mimi siku hiyo nilikuwa wapi.

Nilikuwa Tanga. Nilikuwa nasahihisha kitabu cha hisabati cha darasa la nne. Kilitoka bila kosa hata moja.

Jumatatu, 8 Septemba

Samia ameitwa. Nilimwandalia maelezo ya kitaalamu, lakini alikwenda moja kwa moja kwenye benchi la Bertha, akala ming'oko, akasikiliza. Kisha akacheka hadi akapaliwa. "Babu, umetisha! Umeufungia ukoo mzima?" Nilimwambia nilifuata maswali kama yalivyoulizwa.

Akaeleza kwamba kilichoandikwa hakiwezi kufutwa, ila unaweza kuandika chini yake. Akakaa na kompyuta mapajani, Bertha akimsomea sheria kama hakimu: Likwata akichukua kitu cha Nandonde, huo si wizi. Ni utani. Kitu hukombolewa. Samia akaandika yote. Nikatoa pingamizi. Mashine haina ukoo. Samia akasema, kwa adabu, kwamba ukoo niliipa mimi.

Bomba likawasha kioo chake. Kisha likasema kwa ile sauti yake: "Nimeelewa. Naagiza jogoo."

Na likaagiza! Kwa pochi yake lenyewe. Likatafuta mfuga kuku wa Mingoyo, likampata mwenye mwenendo mzuri, likakodi bodaboda, likawa linatutangazia jogoo amefika wapi. Watu waliacha shughuli zao. Jogoo akaja ndani ya tenga, mwekundu, mwenye hasira, na kikaratasi mguuni: Kwa mtani wangu.

Bertha alimnyanyua juu akacheza naye. Akarudisha stuli na turubai. Akalikumbusha bomba kwamba sura yake bado haijarekebishika. Bomba likajibu, "Asante, mtani." Mitwero nzima ilipiga kelele. Mzee Amiri alifuta machozi kwa kipande cha ngozi. Akasema, "Huyu sasa ni mtu wetu."

Mtu wetu! Kitu kilichofika juzi kwenye lori! Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika kitabu cha maelekezo. Mtu mmoja aliniona akaenda kuniletea kiti.

Akina Likwata wamefunguliwa kote. Kidole cha pili bado.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeibiwa! Suruali yangu ya kanisani, ya kijivu, iliyoshonwa Tanga. Ilikuwa kwenye kamba.

Nikasikia vicheko barabarani. Bertha ameivaa kichwani. Miguu miwili inaning'inia kama masikio. Anazunguka foleni ya bomba akitangaza: "Tazameni, Nandonde mkubwa yuko uchi! Miguu ya korongo! Alikwenda Tanga kutafuta makalio, karudi na miwani!" Wanawake wamekaa chini kwa kucheka. Mtoto mmoja kanicheka usoni.

Kisha akanigeukia, ng'ambo ya barabara, akanipungia mkono. "We Nandonde! Njoo uikomboe kama una ubavu!"

Wote wakanitazama. Jambo la ajabu, hawakuwa na nyuso mbaya. Walikuwa kama watu wanaomsubiri bwana harusi ashuke garini. Hata Amiri alikuwa amesimama karibu kabisa na kioo cha bomba, anafuta kidole chake kwenye shati. Sijui alikuwa anasubiri nini. Hakuwa na ndoo.

Mimi nikaelewa papo hapo. Njama ya Erasmo! Kunidhalilisha mbele ya watu, Ijumaa imekaribia.

Nilivuka barabara kwa mwendo wa heshima. Nikasimama mbele ya bomba, nikatoa taarifa kwa kinywa changu: wizi wa suruali moja, kijivu. Bomba likasema, "Huu ni utani. Niagize jogoo?"

Nikasema hapana. Wizi.

Likauliza kama nina hakika, kwa kuwa Bertha ni Likwata na mimi ni Nandonde. Kufundishwa ukoo wangu na koki! Nikasema kwa sauti iliyofika hadi ofisi ya mtaa kwamba mimi si mtani wa mtu yeyote. Andika wizi.

Likaandika.

Nilisikia matone ya koki. Bertha aliivua suruali kichwani polepole, akaikunja mikononi mwake kama nguo ya mtoto mchanga. Amiri akarudisha kidole mfukoni.

Nadhani waliiogopa sheria.

Alhamisi, 11 Septemba

Ushindi! Suruali imerudi. Imefuliwa, imepigwa pasi, imefungwa ndani ya gazeti safi.

Bertha aliileta mwenyewe. Hakupaza sauti. Alipiga goti barazani, mwanamke wa rika langu, akasema, "Shikamoo, baba." Nikasema marahaba. Akaniomba radhi. Akasema walikosea, hawatarudia. Akasema, "Tulidhani wewe ni Nandonde."

Nikamsamehe. Sina kinyongo. Nilimwonyesha tu kwamba mkunjo wa pasi kwenye mguu wa kushoto umepinda kidogo. Akasema ataupiga upya. Nikamwambia aache. Akainuka akashukuru. Adabu kama ile sijaiona tangu nifike.

Nilipoingia ndani Consolata alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Moshi wa kuni. Baadaye akanieleza mambo ya kushangaza. Eti Amiri na Bertha walikuwa wamepatana. Eti mimi ningemtoa jogoo, mbele ya watu, na pale pale Amiri angeweka kidole, na Bertha baada yake, na hata mke wa Erasmo. Eti walikuwa wameshaandaa ngoma.

Jogoo kwa kidole! Nimemweleza mpwa wangu tofauti kati ya desturi na rushwa. Nilitoa mifano. Akasema, "Mjomba, kalale." Ilikuwa mchana.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku ya mwisho. Nimevaa suruali ya kijivu.

Hakuna aliyejitokeza. Amiri amefunga kidole kitambaa, anasema kimechomwa na sindano. Amefunga kidole gumba. Kinachohitajika ni cha shahada. Sikumsahihisha. Erasmo amekuja na shati jipya, amesimama nyuma kwa upole wake wa kuudhi. Samia anatazama kompyuta ili asinitazame mimi.

Ndipo akili yangu ikafanya kazi. Nikamuuliza Samia: je, kanuni inasema shahidi lazima awe binadamu?

Akasoma. Akasoma tena. Akasema, taratibu, "Hapana, babu. Haisemi." Shahidi awe yeyote mwenye kitambulisho na mwenendo mzuri. Bomba lina kitambulisho. Mwenendo wake, tangu ile siku ya jogoo, hauna mfano katika mtandao wote.

Nikalisogelea. Nikaliuliza kama linanijua. Likasema linanijua. Linajua sauti yangu na ndoo yangu ya bluu, na kwamba huwa napenda kusimama karibu nalo hata nikishachota. Hili la mwisho lingeweza kuachwa. Likasema liko tayari kunishuhudia. Lakini kwa kuwa shahidi wa kwanza ni ndugu, wa pili asiwe ndugu. Kwa hiyo lina swali moja.

"Je, Nandonde ni ndugu yako?"

Foleni yote ilikuwa imesogea karibu. Consolata alikuwemo, ndoo mkononi. Bertha pia. Aliweka sufuria ya ming'oko chini, akanitazama kwa macho ya mtu anayetaka kukusaidia kukumbuka kitu.

Nilifikiri kwa makini. Maisha yangu yote nimejibu swali kama lilivyoandikwa.

Nikasema hapana. Si ndugu yangu. Ukoo wake siujui.

"Imepokelewa," likasema bomba. Na maandishi yakatokea kwenye kioo, meusi, makubwa, bila kosa la herufi hata moja: Eusebio Nandonde, mwenyeji wa Mitwero. Wakati huo huo yaliandikwa kwenye kompyuta nyingi katika nchi nisizozijua. Hakuna wa kuyafuta!

Hakuna aliyepiga makofi. Ukubwa wa jambo uliwazidi. Nikageuka kuwatazama majirani zangu, na wao wakaniamkia mmoja baada ya mwingine, wadogo kwa shikamoo, wakubwa kwa kuinamisha vichwa. Halafu wakasogea pande zote mbili, wakaniachia njia mpaka kwenye koki, nichote kabla ya wote. Erasmo mwenyewe husubiri zamu yake, na leo nilimwona Bertha akimkanyaga mguu na kumwita fisi mzee, naye akicheka.

Mimi hakuna aliyenigusa. Nimefika nyumbani!